Uzi Uliokosekana Kwenye Satini Nyekundu

Mwanangu Zena,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umetoka kwenda Dongobesh kumuaga Mwalimu Boay aliyekufundisha fizikia, umevaa viatu vyangu vya kuendea harusi bila kuniomba, na jioni utarudi navyo vimejaa vumbi. Kesho alfajiri basi litakuchukua. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya begi, uikute ukishafika huko Afrika Kusini unakokwenda kusomea nyota. Sitaki uisome ndani ya basi. Utalia, na abiria wa siku hizi wakimwona mtu analia hawampi leso, wanampiga picha.

Naandika mchana, kwenye kaunta ya duka, mlango ukiwa wazi. Shangazi yako Mwajuma anasema barua ya kumuaga mtoto huandikwa usiku, nyumba ikiwa kimya. Shangazi yako hajawahi kuandika barua, ila kutojua jambo hakujawahi kumzuia kulifundisha. Mimi na vitu vya usiku tulishakosana. Chini ya taa hata kaki ya wanafunzi inaonekana kijani, na mtu anaandika mambo ambayo asubuhi anayaonea aibu.

Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Wa kukuambia hayo wapo wengi. Tangu habari zienee kwamba unakwenda kusomea nyota, mji mzima wa Katesh umepata utaalamu. Muuza vocha wa hapo nje ameomba umtumie mikeka ya mpira, kwa kuwa nyota zitakuonyesha timu zitakazoshinda. Jirani yetu muuza vyombo ameuliza ukirudi utakuwa unasafisha nyota za watu kwa bei gani, na kama majirani watapunguziwa. Mjomba wako wa Mbulu, mwenye diploma na tumbo, amenipigia simu kunionya kwamba elimu ya nyota ni ushirikina. Ndiye huyo huyo ambaye kila mwaka mpya anamwita mtu wa ramli amfukizie duka. Nimewajibu wote vibaya, na nimefurahia kuwajibu.

Nimefurahia kwa sababu nawajua kwa ndani. Nilikuwa mmoja wao, tena mteja mzuri. Hilo unalijua, lilikula mwaka wako mmoja. Hatujawahi kulizungumza, kwa kuwa wewe una adabu na mimi nina kiburi. Leo nitalizungumza peke yangu, na kwa mara ya kwanza hutaweza kunijibu "sawa mama."

Nianze na kitambaa, maana mimi sijui kufikiri bila kitambaa. Umekulia chini ya kaunta hii, umeona ninavyonunua. Mawakala wa Arusha wanakuja na majora yao, wanaomba niwashe taa ya tyubu, wanalikunjua jora chini yake, wanasema dada mrembo tazama linavyong'aa. Nalibeba jora mpaka mlangoni, naliweka kwenye jua, nalitazama upande wa nyuma, navuta uzi. Wateja wangu wa Dirma wanafanya vivyo hivyo siku ya mnada. Mzee wa Kibarbaig hana habari na maneno yangu. Anaitoa shuka nje, anaitemea mate pembeni, anaisugua kwa kidole gumba, ndipo ananiuliza kama inachuja. Na akishauliza anatazama kidole chake, hatazami mdomo wangu. Nawaheshimu wazee hao kuliko wote wanaoniita dada mrembo.

Basi mimi huyo huyo, siku moja, nilinunua maneno gizani.

Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, umepata nafasi ya chuo Dodoma, na mimi nikashikwa na hofu. Sikuiita hofu. Niliiita kutafuta ushauri, kama wanavyosema watu waoga wenye heshima zao. Na unajua ilikotoka. Baba yako alituaga kwenye mlango huu akisema anakwenda Arusha kuchukua mzigo. Wewe ulikuwa darasa la pili. Anauchukua mpaka leo. Walionionea huruma waliniambia huenda amefariki. Waliosema ukweli waliniambia yuko Moshi, ana duka na mke. Tangu hapo mtu akishika begi mbele yangu namuuliza anarudi lini, hata akiwa mteja tu anaondoka na mashuka yake.

Shangazi yako, dada yake huyo msafiri, ambaye kwa haki yake alichagua kubaki upande wetu, ndiye aliyenipeleka kwa Mtaalamu. Jina lake la kuzaliwa yeye mwenyewe halitumii, kwa hiyo nami silitumii. Bango lake umeliona kwenye nguzo ya umeme karibu na stendi: anasafisha nyota, anarudisha mume, anavuta wateja, anashinda kesi. Mtu anayeweza kufanya yote hayo anaishi kwenye chumba cha kupanga na mlango wake unafungwa kwa kamba. Nililiona hilo kwa macho yangu na halikunifundisha kitu. Alisema ametoka Pemba. Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa kwetu, ila alikuwa akikohoa kwa Kiarabu.

Chumba kilikuwa na pazia zito na balbu moja nyekundu. Aliniuliza jina lako, kisha jina langu, maana waganga nyota ya mtoto huipigia hesabu pamoja na jina la mama. Akaandika, akafuta, akafumba macho. Halafu akasema kwa upole, upole ambao nikiukumbuka nataka kumrushia kitu:

"Mama, binti yako nyota yake ni ya baba yake. Inakwenda, haigeuki. Ukimwachia safari hii humwoni tena."

Nililia mbele ya yule mtu. Haikunijia kichwani kwamba habari za baba yako zinajulikana Katesh nzima, mpaka mbuzi wa sokoni wanazijua. Sikumuuliza ni nyota gani, iko upande gani wa mlima, na ameionea wapi wakati dirisha lenyewe limezibwa kwa gunia. Mimi ambaye sinunui bitana bila kuitoa nje.

Nikarudi nikakuambia chuo kitasubiri, duka lina kazi nyingi. Ulinitazama kidogo. Hukulia, hukubishana, ulisema tu sawa mama, ukachukua futi ukaanza kumpimia mteja kitambaa cha sare. Ningependa ungenipigia kelele. Mtoto anayekupigia kelele anakupa nafasi ya kumgombeza, na mimi ugombezi nauweza.

Mwaka ule ulinitesa kwa heshima. Asubuhi shikamoo, chai, kazi, jioni chakula, na hakuna neno la ziada. Kisha Mwalimu Boay akapita kununua kitambaa cha suruali akakukuta umekaa hapa. Hakunisema. Mwalimu yule ni Mwiraqw wa kule milimani, akitaka kukugombeza anakuletea kazi. Safari iliyofuata alikuletea sidii iliyokwaruzika na wazo la boksi la viatu. Mkakata mwanya mwembamba kwa wembe upande mmoja, mkailaza sidii ndani mshazari, mkatoboa tundu la jicho juu yake. Mimi nikasema kwa sauti, ili wateja wasikie, kwamba fedha zote za ada zimeishia kwenye kuchezea takataka.

Ukanipa boksi. Nikalielekeza kwenye tyubu ya duka kwa dharau, nikitaka kukurudishia upesi. Nikaona mistari ya rangi iliyoachana: kijani peke yake, zambarau peke yake, nyekundu kidogo huko pembeni, na katikati yake giza. Ukasema sasa nilielekeze kwenye ukuta mweupe wa jirani unaopigwa na jua. Huko rangi zilishikana zote, kuanzia nyekundu mpaka zambarau, kama zilivyo kwenye upinde wa mvua. Nilikaa kwenye kiti. Maisha yangu yote ya biashara nimekuwa nikisema taa ya dukani inadanganya, na sasa nilikuwa nauona uongo wenyewe umepangwa mbele yangu. Rangi ambayo haimo kwenye taa, kitambaa kitaitoa wapi? Nilifurahi, na nilikasirika kwa kufurahi, maana nilikuwa bado nataka kukudharau.

Baadaye mliupunguza mwanya mpaka ukawa kama unywele, na kwa subira nikaona kitu kingine. Ndani ya rangi za jua kulikuwa na nyuzi nyeusi, nyembamba, zimesimama hapa na pale. Ulinieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Mwanga unatoka ndani ya jua, unapita kwenye mvuke wake wa juu, na kila kitu kilichomo kwenye mvuke huo kinakula rangi zake. Chuma kinakula zake, chokaa inakula zake, hakuna anayegusa chakula cha mwenzake. Pale palipoliwa panabaki uzi mweusi. Nikakuambia hizo ni hadithi, nani alikwenda kule akaonja.

Ukachukua chumvi ya Ziwa Balangida, ile wanayolambishwa ng'ombe, ukairusha kwenye moto wa jiko la gesi. Moto ukageuka wa njano. Ukanipa boksi. Njano ile ilikuwa mstari mmoja tu, na ulipolielekeza boksi kwenye mwanga wa jua, mahali pale pale palikuwa na uzi mweusi. Kile kilichomo kwenye chumvi ya Balangida kimo kwenye jua, na watu wamekijua bila kupanda kwenda kuonja. Tena ukasema nyota zote zinasomwa hivyo hivyo, hata ile ambayo mwanga wake ulianza safari kabla bibi yangu hajazaliwa.

Hapo nikaelewa kwa kichwa changu mwenyewe. Unalikumbuka jora la satini nyekundu alilonibambikia wakala, siku niliyokuwa na homa nikashindwa kulitoa mlangoni? Kila baada ya vidole vitatu uzi mmoja ulikuwa umeruka, mwanzo wa jora mpaka mwisho. Chini ya taa huoni kitu. Ukilishika juani unaona mstari umepita. Nilikuambia satini ile, hata ikishonwa foronya huko Balangdalalu, nikiiona nitajua imetoka kwangu, kwa sababu ya uzi ambao haupo. Ulicheka. Ilikuwa mara yako ya kwanza kucheka mwaka ule, nami nilijifanya napanga vifungo.

"Ndivyo hivyo hivyo, mama," ukasema. "Nyota tunaijua kwa kilichokosekana."

Sijui kama ulinilenga. Nyumba yetu nayo watu wamekuwa wakiijua hivyo.

Lakini ya mwendo ndiyo iliyonichoma. Ulisema nyuzi zile zina mpangilio wake, kama maua ya kitenge yalivyopangwa na kiwanda. Nyota ikiwa inakwenda mbali nasi, mpangilio mzima unasogea kidogo upande wa nyekundu. Ikiwa inatujia, unasogea upande wa zambarau. Ukaniwekea kitenge mezani ukakivuta: maua yakaachana, lakini ua lilibaki ua lile lile, na jirani yake akabaki yule yule. Ukasema msogeo wenyewe ni mdogo mno, jicho halioni, lazima upimwe kwa chombo na kulinganishwa na nyuzi za chuma kilichochomwa hapa hapa duniani. Kumbe liko jambo kama hilo, kujua nyota inakuja au inakwenda, na halihitaji pazia wala balbu nyekundu wala jina la mama.

Nami, kwa kuwa ujinga ukifukuzwa mlangoni huingia dirishani, jioni ile ile nikakuonyesha nyota moja nyekundu juu ya Mlima Hanang. Nikasema kwa kujivuna kwamba ile inakwenda. Ukasema hapana, ile ni nyekundu kwa sababu moto wake si mkali. Hata chuma cha mhunzi huanza chekundu, kikizidi moto ndipo kinakuwa cheupe. Kukosea mbele ya mtoto uliyemnyima chuo hakujengi afya. Ila nilijifunza kwamba mtu anaweza kutoka gizani, akasimama kwenye mwanga mzuri kabisa, na bado akaropoka. Mwenye elimu ya jana ana kelele kuliko mwenye ujinga wa siku zote. Utakutana nao.

Mwaka ulipoisha nilikufungia begi mwenyewe, nikakusindikiza stendi, nikarudi nyumbani nikiwa nimemkasirikia kila mtu hadi kondakta. Nawe ukawa unarudi. Haigeuki, alisema Mtaalamu. Ulirudi kila likizo, ulirudi hata sikukuu ambazo si za dini yetu. Kila ukishuka kwenye basi nilikuwa namkumbuka yule mtu na kutafuta tusi jipya.

Halafu mlima ukashuka, matope na mawe yakaingia majumbani. Juu ya hilo sitaandika mengi. Tuliozika watu wa Jorodom tunajua, na wewe ulikuwa hapa, umesimama kwenye matope ukipokezana ndoo na watu ambao hukuwajua. Ninachotaka kuandika ni kidogo. Siku zile Mtaalamu alisimama sokoni akasema nyota zilikuwa zimekwisha kumwonyesha mapema. Fikiria uso wa mtu huyo. Ameonyeshwa, amenyamaza, na siku yenyewe sisi sote tumemwona akikimbia barabarani amebeba redio kichwani. Nilimuuliza mbele ya watu kama nyota zilimwonyesha redio peke yake. Watu hawakucheka, hazikuwa siku za kucheka, ila waliondoka mmoja mmoja mpaka akabaki na ukuta.

Na bado wapo waliokwenda kwake baada ya hapo, kimyakimya, akina mama waliofiwa. Hao siwadharau, Zena. Mtu aliyezika anataka aambiwe kwamba yuko mahali fulani mtu aliyejua. Ningekuwa nimekuzika wewe, ningekwenda, na ningemtandikia mkeka mimi mwenyewe. Dharau yangu nimemwekea yule anayewafungulia mlango.

Sasa nije kwenye jambo la leo, ndilo lililonikalisha kuandika.

Lile koti zito la bluu nililokushonea, kwa kuwa ulisema darubini zinakaa milimani kwenye baridi, lilikuwa limebaki kukunjwa pindo. Ulipotoka tu asubuhi shangazi yako aliingia akafunga nusu ya mlango. Akafungua fundo la kanga akatoa hirizi. Alikuwa ametoka nayo kwa Mtaalamu.

"Wifi, ishone humo kwenye pindo," akasema. "Hatajua. Itamrudisha."

Akaeleza kwamba ndani mna mizizi iliyotoka Pemba, imesomewa kwa jina langu na lako, na kwamba nchi ya watu ni mbali, Dodoma haikuwa safari, hii ndiyo safari. Kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kukisema. Alisema angekuwa na akili angemshonea moja kaka yake.

Ningependa kukuandikia kwamba nilicheka. Sikucheka. Nilichukua sindano. Alipoondoka nilikaa hapa, koti mapajani, pindo liko wazi, hirizi kiganjani, nikawa najiambia kinapungua nini. Ni kitu kidogo, hakili, hakinywi, kinakaa kwenye pindo. Kikiwa uongo hakimdhuru, kikiwa kweli atarudi. Ndivyo wanavyotuingia, mwanangu, kwa hicho hicho kinapungua nini. Nilikuwa na yote uliyonifundisha, nilikuwa na dharau ya kutosha kuuza jumla, na sindano ilikuwa imekwisha tungwa uzi. Nilikuwa naogopa. Nakuandikia neno lenyewe sasa, siliiti ushauri.

Kilichoniokoa si elimu, ni mazoea. Mkono wangu haushoni kitu ambacho sijakitazama nje. Nikasimama bila kufikiri, nikaenda nayo mlangoni. Juu ilikuwa ngozi nyeusi, imeshonwa kwa mshono ambao fundi wangu angeuleta ningemfukuza. Nikaufumua kwa ncha ya mkasi. Kulikuwa na majivu na vipande vya gome la mti, huenda ni mgunga wa hapo nyuma ya stendi. Na kilichofungia vyote kilikuwa kitambaa chekundu kilichokunjwa mara nyingi. Nikakikung'uta, nikakikunjua, nikakinyanyua kwenye jua.

Uzi mmoja ulikuwa umeruka. Nikaweka vidole vitatu. Wa pili ulikuwa umeruka.

Ilikuwa satini yangu, Zena. Mizizi ya Pemba imefungwa kwa satini iliyokaa kwenye rafu hii iliyo nyuma yangu, ile mbovu, niliyomuuzia mke wa Mtaalamu kwa bei ya kuitupa, akasema anataka kushona foronya. Nguvu ya kunirudishia mtoto kutoka nchi ya mbali ilikuwa imetoka dukani kwangu, na hata pasi hawakuipiga.

Hapo ndipo nilicheka, mpaka muuza vocha akaja kuchungulia kama nina wazimu. Alipoondoka nikalia. Hirizi ilikuwa imekwisha, imelala kwenye kizingiti, upepo unapeperusha majivu yake, na mimi nilikuwa bado nataka urudi. Nilidhani tamaa ile imetoka kwenye kile kitu. Haikutoka huko. Ilikuwa yangu, na hakuna wa kunifumulia.

Pindo nimelishona. Upande wa kushoto nimekunja bitana maradufu pakawa na uvimbe kidogo, kwa sababu kesho shangazi yako atakukumbatia na atalipapasa, namjua. Mwache apate usingizi. Yeye naye kaka yake hakurudi, na hajawahi kupata mtu wa kumlilia zaidi yangu mimi ninayemcheka. Ila wewe ukifika, chukua wembe, fumua pale utazame kwa macho yako kwamba ni bitana tupu. Nakuambia ni bitana, lakini usiniamini. Nilishakuambia mara moja kwamba duka lina kazi nyingi.

Huko uendako nako wamo Wataalamu. Watakuwa wamevaa tai, watakuwa na vyeti ukutani na mwanga wa kutosha, na hawatakohoa kwa Kiarabu. Utawajua kwa kuwa watakutaka uwaamini. Mwalimu Boay hajawahi kuniomba nimwamini. Alituletea sidii mbovu, akaenda zake kushonesha suruali. Na siku wewe utakapojikuta unamwambia mtu aamini tu kwa kuwa wewe umesoma, basi ujue umekwisha kutundika pazia, na balbu inafuata.

Limebaki moja. Mwaka ule ule wa boksi nilikuuliza, kama mtu anayeuliza ili kupitisha muda, kama ziko nyota zinazokwenda kisha zikarudi. Ulisema ziko. Nyuzi zake zinasogea kwenye nyekundu, zinafika mahali zinasimama, zinarudi kwenye zambarau, kisha zinakwenda tena, na hivyo hivyo bila kukoma. Nikauliza kinachoirudisha ni nini. Ukasema karibu yake ipo nyingine, nzito, ambayo mara nyingi hakuna anayeiona hata kwa darubini, na hizo mbili zinazungukana. Ile isiyoonekana watu wanaijua kwa jinsi inavyomvuta mwenzake tu.

Nikakuambia uache hadithi, ushike futi, wateja wanasubiri.

Hapakuwa na mteja. Nilikuwa nimegeukia rafu ili usinione uso.

Nenda, mwanangu. Sikufungi, na kwa Mungu sikukufunga. Jioni ukivivua viatu vyangu vya harusi nitavifuta vumbi, niviweke kwenye begi kando ya barua hii, ndiyo maana umevikuta hapo. Usivichukue kuwa zawadi. Nimekuazima, utavirudisha.

Mama yako,
dukani Katesh, mlango wazi.